MOTOKAA NA MWENYEWE: Betri Ipi Ifaayo Motokaa ya Zamani?



Juma hili nataka kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo wengi hulidharau, nalo ni kuchagua betri mpya ya motokaa ya zamani. Nasema hulidharau kwa sababu mtu akitaka kununua ng'ombe wa maziwa atauliza majirani kumi. Atamtazama kiwele, atamtazama kwato, na atataka kujua mama yake alikamwa chupa ngapi. Lakini betri ikimfia, huingia katika duka la kwanza alionalo njiani, akasema, "Nipe betri," akalipa, akaenda zake. Wahenga walisema, rahisi huvunja upishi. Mimi mwenyewe upishi wangu umevunjika, nami sioni haya kuwasimulia, ili mwenye masikio ajifunze kwa hasara yangu na si kwa hasara yake.

Marehemu baba yangu alikuwa karani wa chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa. Alituachia Morris Minor ya mwaka 1961, nasi hatukukubali kuiuza, kwa kuwa ndiyo iliyotupeleka shuleni, ndiyo iliyobeba maharusi wa kijiji chetu, na ndiyo iliyombeba yeye mwenyewe safari yake ya mwisho ya hospitali. Betri yake ilipochoka nilikwenda mjini. Muuzaji aliniuliza, "Ni ya gari gani?" Nikamjibu, "Gari dogo." Akanipa betri ya magari madogo yatokayo Ujapani, nami nikafurahi kwa kuwa ilikuwa nyepesi na bei yake ilikuwa nafuu. Nilipofika nyumbani niliona kwamba vichwa vyake vilikuwa vyembamba kuliko vibanio vya nyaya zetu. Basi nilikata kipande cha bati la mkebe wa mafuta ya kupikia, nikakizungusha kichwani mwa betri, nikakaza. Motokaa ikawaka, nikajiona fundi.

Siku arobaini baadaye, saa nane za usiku, Mama alishikwa na pumzi. Tulimweka katika motokaa, nikavuta stata, ikalia "tak!" mara moja, ikanyamaza. Nikavuta tena, kimya. Taa ndogo zilikuwa zikiwaka, kwa hiyo sikufahamu kosa liko wapi. Mzee mmoja jirani, aliyekuwa fundi wa malori zamani, alikuja na taa yake. Hakusema neno ila aliingiza hendeli mbele ya motokaa, akazungusha mara tatu, injini ikawaka. Tukafika hospitali, na Mama akapona, namshukuru Mungu. Asubuhi yake yule mzee aliniita, akafungua boneti, akanionyesha lile bati langu lililokuwa limelegea na kuungua likawa jeusi.

Akaniambia, "Mwanangu, umeme mdogo wa kuwasha plagi ulipita hapa, lakini umeme mkubwa wa stata haukuweza kupita. Betri haina kosa. Kosa ni lako wewe uliyenunua kiatu bila kupima mguu."

Nikamjibu, "Ni kweli, Mzee."

Tangu siku hiyo nimejifunza mengi kwake na kwa wengine, na hayo ndiyo nitakayowapa leo. Wengi wetu tunazo motokaa hizi. Wapo wakulima ambao Land Rover ya babu ingali ikibeba maziwa na mbolea. Wapo makarani waliotunza Volkswagen ile ya mgongo wa kobe. Na wapo wenye Peugeot 404, motokaa iliyoshinda mashindano ya Safari miaka ya 1963, 1966, 1967 na 1968. Hizi si takataka. Lakini hazikuumbwa kwa betri za leo, na madukani leo betri nyingi ni za magari ya Kijapani. Basi hapana budi mnunuzi ajue atakacho kabla ya kutoka nyumbani.

KWANZA: JE, BETRI NDIYO MGONJWA?

Kabla ya kutoa fedha, hakikisha kwamba betri yako ya zamani imekufa kweli. Betri nyingi huzikwa zikiwa hai. Tazama vibanio, kwani vikiwa na unga mweupe au wa kijani, umeme haupiti vizuri. Vioshe kwa magadi ya kupikia yaliyokorogwa katika maji ya moto kidogo, uvikaushe, uvikaze, kisha upake mafuta mazito ya kujipaka ili hewa na maji makali visivile tena. Angalia pia waya ule mnene ufungwao kwenye chuma cha motokaa, ambao mimi nitauita waya wa bodi. Mahali unapofungwa pakiwa na kutu au rangi, umeme hukwama hapo. Kwangua hadi chuma king'ae.

Halafu tazama mkanda wa feni, kwa maana ndio uzungushao dinamo. Ukilegea, dinamo haitoi umeme wa kutosha. Mwisho, azima mita ya volti. Betri nzima ya volti 12, ikiwa imejaa na imepumzika saa kadhaa, huonyesha kama volti 12.6. Ukiwasha injini na kuikanyagia kidogo, mita yapaswa kupanda ifike karibu na 14. Isipopanda, dinamo au katauti yake ndiyo mgonjwa, na hata ukinunua betri mpya itakufa vilevile. Ikipanda kupita kiasi, ikavuka 15 na kukaa hapo, basi betri inachemshwa kama maharagwe, na dawa yake ni kurekebisha katauti kwanza.

PILI: VOLTI 6 AU VOLTI 12?

Betri ya risasi ina vyumba, na kila chumba hutoa kama volti 2 na kidogo. Betri ya vyumba vitatu ni ya volti 6. Yenye vyumba sita ni ya volti 12. Kwa hiyo kama betri yako ya zamani ina vifuniko juu, vihesabu tu. Kama haina, soma maandishi ya balbu za taa kubwa.

Morris Minor na Peugeot 404 hutumia volti 12. Lakini Volkswagen nyingi za mgongo wa kobe zilizoundwa kabla ya mwaka 1967 zilitumia volti 6, na nyingine za aina ya bei nafuu ziliendelea hivyo hata baadaye. Nazo MGB za Kiingereza zilibeba betri mbili za volti 6 nyuma ya viti, zikiunganishwa zipate kuwa 12. Mwenye motokaa hiyo yampasa azibadilishe zote mbili pamoja, maana betri nzee iliyofungwa pamoja na betri changa huivuta changa izeeke upesi.

Wako watu washaurio kwamba betri ya volti 6 ikikosekana, tia ya volti 12, "itakuwa na nguvu zaidi." La hasha! Balbu zitakatika, koili itachemka, na dinamo ya volti 6 haiwezi kujaza betri ya volti 12 hata siku moja. Kubadili motokaa nzima kuwa ya volti 12 kwawezekana, lakini ni kazi ya fundi ajuaye, na ni lazima dinamo, katauti, koili, balbu na vinginevyo vibadilishwe kwa utaratibu.

Nao wenye volti 6 wakumbuke jambo moja zaidi. Ili kufanya kazi ileile, volti zikiwa nusu, umeme upitao katika waya huwa maradufu. Kwa sababu hiyo waundaji walitia nyaya nene sana kutoka betri hadi stata. Fundi asiyejua akitia nyaya nyembamba za magari ya leo, stata itazunguka kwa uvivu kama punda aliyechoka, na mwenyewe atalaumu betri bure.

TATU: NI UPANDE UPI UFUNGWAO KWENYE BODI?

Hapa ndipo wengi waunguapo vidole. Motokaa za leo zote hufunga kichwa cha hasi, chenye alama ya –, kwenye chuma cha motokaa. Lakini motokaa nyingi za Kiingereza za zamani zilifunga kichwa cha chanya, chenye alama ya +. Morris Minor zilitoka hivyo kiwandani hadi mwisho wake mwaka 1971. Land Rover za kwanza zilikuwa hivyo pia, mpaka zilipogeuzwa karibu na mwaka 1967. Lakini Peugeot na Volkswagen zilifunga hasi.

Mtu akiifunga betri kinyume katika motokaa ya dinamo, huenda injini ikawaka kama kawaida, naye asijue kwamba amefanya kosa. Lakini dinamo hukumbuka upande wake wa zamani. Itakapoanza kutoa umeme na katauti kuufungulia mlango, dinamo na betri badala ya kushindana zitasukumana upande mmoja, umeme mkubwa utapita, na ncha za katauti zitaungua au kugandamana. Moshi utatoka chini ya boneti. Na kama motokaa ina redio ya siku hizi, hiyo nayo kwaheri.

Usiamini mwaka wa kuundwa peke yake, maana motokaa yenye umri wa miaka sitini imepitia mikono mingi, na huenda mmoja wa wenyeji wake aliigeuza. Kabla ya kuiondoa betri ya zamani, tazama waya wa bodi umefungwa kwenye alama gani, uandike katika kijitabu chako. Tena chukua rangi ukapake alama karibu na mahali pa betri, ili hata mwanao au fundi mgeni asije akakosea.

NNE: UKUBWA, NA MAHALI PA VICHWA

Chukua rula au futi ya fundi seremala. Pima sahani ikaliayo betri, urefu wake na upana wake, kisha pima kimo hadi kwenye kifuniko au boneti. Andika. Betri fupi kuliko nafasi yake si mbaya ikiwa itafungwa imara. Lakini betri ndefu mno kwenda juu ni hatari ya moto. Katika Volkswagen ya kobe, betri hukaa chini ya kiti cha nyuma. Ukitia betri ndefu, au ukisahau kifuniko chake, shangazi yako mnene atakapokaa hapo, springi za kiti zitagusa vichwa vya betri, na kiti kitawaka moto. Haya yametokea mara nyingi katika nchi nyingi, wala si hadithi za kutishia watoto.

Tazama pia vichwa vimekaa upande gani. Ukiweka betri mbele yako, je, chanya iko kulia au kushoto? Nyaya za motokaa za zamani zilikatwa kwa kipimo; zisipofika, mtu hushawishika kuigeuza betri au kuzivuta nyaya juu ya vyuma, zikakwaruzwa mpaka zikaacha ngozi yake.

Na unene wa vichwa usisahau! Katika betri za kawaida za Ulaya, kichwa cha chanya ni kinene kuliko cha hasi. Kipenyo chake ni kama milimita 19 na nusu, na cha hasi ni kama 18. Nacho hicho ni kinga, ili mtu asifunge kinyume. Lakini betri nyingi ndogo za Kijapani zina vichwa vyembamba zaidi, kama milimita 15 na 13. Ukikuta kibanio chako hakishiki, usizungushe bati wala usipigilie msumari kama nilivyofanya mimi. Tafuta betri yenye vichwa vya kawaida, au nunua vikombe vya risasi vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo. Na kibanio kikiwa kidogo kuliko kichwa, usikigonge kwa nyundo, maana utapasua betri.

Neno jingine juu ya kufunga. Barabara zetu za murram hutikisa betri kuliko barabara za lami. Mtikisiko huo hukung'uta unga ulio katika mabamba ya risasi, ukaanguka chini ya vyumba. Unga ukijaa, mabamba hugusana, na chumba hufa. Betri isiyofungwa kwa chuma chake haitaishi miaka mingi hata ikiwa ya bei kubwa namna gani.

TANO: NGUVU KIASI GANI?

Betri huandikwa ampea-saa. Maana yake si ngumu. Betri ya ampea-saa 40 yaweza, kwa kadiri, kutoa ampea 2 kwa muda wa saa 20. Kwa Morris Minor, ampea-saa kati ya 40 na 50 zatosha. Land Rover ya petroli yataka zaidi, na ya dizeli yataka zaidi kabisa, kwa kuwa injini ya dizeli ni nzito kuzungushwa. Kitabu cha motokaa yako ndicho hakimu. Kama umekipoteza, omba kwa mwenye motokaa kama yako.

Wengine hudhani kwamba betri ikiwa kubwa mno ndiyo heri. Hebu tufanye hesabu. Dinamo ya motokaa ndogo ya Kiingereza ya wakati ule hutoa ampea 19 au 22 tu, tena injini ikiwa inakimbia. Ikiwa inanguruma polepole sokoni haitoi kitu. Usiku, taa mbili kubwa za wati 45 kila moja hula kama ampea 7 na nusu. Taa ndogo za mbele na nyuma hula kama 2. Koili na plagi hula kama 3 au 4, na vifutio vya mvua kama 2 au 3. Jumla yafika kama 15 au 16. Zibakizo kwa ajili ya kujaza betri ni ampea chache tu. Basi mtu atiaye betri kubwa ya lori, akaimaliza, kisha akaendesha maili nne kwenda sokoni na maili nne kurudi, ni kama mtu ajazaye pipa kwa kikombe cha chai: haba na haba hujaza kibaba, lakini pipa si kibaba. Betri isiyojaa hukaa na njaa daima, na betri yenye njaa hushikwa na chumvi nyeupe ya risasi mabambani, chumvi ambayo ikikomaa haitoki.

Betri nyingi za leo huandikwa pia nguvu ya kuwasha injini wakati wa baridi. Nguvu hiyo hupimwa katika baridi ya digrii 18 chini ya sifuri, baridi ambayo hata Kinangop asubuhi ya mwezi wa Julai haiijui. Hesabu hiyo ni ya maana kwa watu wa Ulaya. Kwetu sisi usilipe fedha nyingi kwa ajili yake. Adui wetu ni joto. Mafundi hukadiria kwamba kila joto likizidi kwa digrii 10, maisha ya betri hupungua karibu nusu. Kwa hiyo mtu wa Mombasa, Kisumu au Lodwar asishangae betri yake ikifa kabla ya ile ya mtu wa Nyahururu.

SITA: AINA GANI?

Siku hizi kuna aina nyingi. Ipo ile ya kale yenye vifuniko, ambayo mwenyewe huongeza maji. Ipo iliyofungwa kabisa, iitwayo ya bila matunzo. Ipo ambayo maji yake makali yamefyonzwa ndani ya pamba ya kioo. Na ipo ya lithiamu, nyepesi kama kitabu na ghali kama ndama.

Kwa motokaa yenye dinamo, ushauri wangu ni ule wa yule mzee jirani: nunua yenye vifuniko. Katauti ya zamani ni kitu cha springi na ncha za chuma. Haina akili za alteneta ya leo. Mara hutoa pungufu, mara hutoa kupita kiasi. Betri iliyofungwa kabisa hutaka umeme wenye volti za juu kidogo ili ijae, na dinamo haizifikii sikuzote. Na ikipewa kupita kiasi maji yake hukauka, nawe huna mlango wa kuyarudisha. Yenye vifuniko husamehe. Ukiona maji yamepungua, unaongeza maji ya betri yaliyotoneshwa, yafunike mabamba, basi. Usiongeze maji ya bomba wala ya kisima, kwa sababu yana chumvi. Wala usiongeze maji makali mengine, maana kinachopungua ni maji peke yake. Na betri ya lithiamu waachie wenye motokaa zilizoandaliwa kwa ajili yake.

Mwenye motokaa iliyokwisha kutiwa alteneta nzuri ana uhuru zaidi. Yeye aweza kutumia iliyofungwa bila hofu.

SABA: DUKANI

Ukifika dukani usiseme, "Nipe betri ya gari dogo." Toa kijitabu chako, useme volti, ampea-saa, urefu, upana, kimo, mahali pa chanya, na unene wa vichwa. Muuzaji mwema atakuheshimu, na mjanja ataogopa.

Kisha uliza tarehe ya kutengenezwa. Betri hupoteza nguvu hata ikiwa imelala rafuni, na upotevu huo huongezeka kwa joto. Iliyokaa zaidi ya nusu mwaka bila kujazwa, iache. Omba ipimwe mbele ya macho yako. Ikionyesha chini ya volti 12.4, mwambie muuzaji aijaze kwanza au akupe nyingine. Kwa ile ya volti 6, kipimo ni nusu yake, yaani 6.2. Zipo pia betri ziuzwazo kavu, zitiwazo maji makali siku ya kununuliwa. Hizo hukaa vizuri zaidi rafuni, lakini zataka kujazwa umeme kwa chaja kabla ya kazi. Pokea hati ya dhamana yenye tarehe na mhuri, uiweke pamoja na hati za shamba.

NANE: KUFUNGA KWA SALAMA

Ondoa kwanza waya wa bodi, na mwisho wa kazi ufunge waya wa bodi baada ya mwingine. Fahamu sababu: spana yako ikigusa chuma cha motokaa wakati unapofungua waya ule mwingine, na waya wa bodi ungali umefungwa, utaona radi mkononi. Katika Morris yangu waya wa bodi ni wa chanya, kwa hiyo chanya hutoka kwanza na kurudi mwisho. Vua pete na saa ya chuma.

Usivute sigara wala kuwasha kiberiti ili kutazama maji ya betri usiku. Betri inapojazwa hutoa hewa ishikayo moto upesi sana, na betri ikipasuka humwaga maji makali usoni. Yakikurukia, jioshe kwa maji mengi safi, bila kukawia, na kama ni jichoni endelea kuosha huku mkienda kwa daktari.

TISA: BETRI KUUKUU IENDE WAPI?

Nimeliacha neno hili la mwisho kwa kuwa ndilo zito kuliko yote. Ndani ya betri kuukuu mna kilo kadhaa za risasi, na risasi ni sumu. Hudhuru damu na ubongo, na wadhuriwao zaidi ni watoto wadogo. Watu wa Owino Uhuru, kule Mombasa, walijifunza haya kwa machozi. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilianza kazi kando ya nyumba zao mwaka 2007, na hadi kilipofungwa mwaka 2014 moshi na maji yake yalikuwa yameingia katika miili ya watu. Mama mmoja, Phyllis Omido, ambaye mtoto wake mwenyewe aliugua, alisimama kuwatetea jirani, na mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Goldman ya mazingira. Mwaka 2020 mahakama ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, na kesi ikaendelea hadi mahakama za juu.

Kwa hiyo, ndugu yangu, usimwage maji ya betri shambani wala karibu na kisima. Usiwape watoto mabamba wachezee. Usiyeyushe risasi jikoni ili utengeneze vizito vya nyavu. Mkabidhi muuza betri betri kuukuu ikiwa nzima, isimame wima, isimwagike. Wauzaji wengi huipokea na kupunguza bei ya mpya, nayo risasi yake hutumika tena. Lakini uliza inakokwenda, maana kuuliza si ujinga.

Sasa Morris ya Baba ina betri yenye vifuniko sita, ya ampea-saa 45, na vichwa vinene vishikwavyo vizuri na vibanio. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi nafungua boneti, natazama maji, nakaza vibanio, na ikiwa motokaa imekaa bila safari naijaza kwa chaja usiku mmoja. Mama, ambaye yu hai na mwenye afya, hupita akaniuliza, "Je, itawaka?" Nami huvuta stata mara moja tu ili apate jibu lake.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya breki za motokaa za zamani, na kwa nini mafuta yake yataka kubadilishwa hata kama hayajapungua. Mpaka siku hiyo, pimeni mguu kabla ya kununua kiatu.

Wasalaam.